Kabla ya kuuliza wapi, uliza saa ngapi

Msafiri akishuka stendi ya mji asioujua, swali lake la kwanza huwa: chakula kizuri kinapatikana wapi? Ataelekezwa, atakwenda, na mara nyingi atarudi amenuna. Banda la mama lishe ambalo saa 6 na nusu mchana watu wanakula wamesimama kwa kukosa viti, saa 9 alasiri litakupa wali uliopoa, mchuzi uliobaki mifupa na maharage yaliyoongezwa maji. Mpishi ni yule yule, sufuria ni zile zile. Saa ndiyo iliyokupita.

Tanzania na Pwani ya Kenya, mahali wanapokula wenyeji hapaendeshwi kwa orodha ndefu ya vyakula. Kuna sufuria moja au mbili zinazopikwa kila siku, kwa watu wale wale, kwa saa ile ile. Mgeni akishajua mji ule unakula nini na saa ngapi, kupata mtaa wenyewe ni kazi ndogo.

Asubuhi ya Tanzania bara ni supu: ya ng'ombe, mbuzi, kuku, utumbo au makongoro (miguu ya ng'ombe). Huanza kuuzwa kunapopambazuka, na iliyo bora huwa imekwisha kwenye saa 4. Makongoro yanataka kuchemka saa nyingi, ndiyo maana mpishi wa kweli huwasha moto usiku wakati wewe umelala gesti. Supu yake ikiiva hunatanisha midomo. Ukifika saa 5 ukaambiwa "supu ipo", chungulia sufuria kwanza: ikiwa matone ya mafuta yametawanyika juu ya maji meupe, imeongezwa maji na unachonunua ni chumvi ya moto. Tazama na ndimu. Penye wateja wengi ndimu hukatwa kidogo kidogo kila zinapoisha. Penye wateja wachache zimekatwa zote alfajiri na kingo zimekauka. Chapati si lazima ziwe zimesukumwa pale pale, nyingi huletwa na mtu kwenye ndoo yenye mfuniko, na si kosa. Ikunje tu: ya leo inakunjika, ya jana inakatika.

Moshi, mahali pa supu huenda ukakuta mtori, ndizi zilizochemshwa na nyama hadi zikavurugika kuwa uji mzito. Mombasa asubuhi ni mahamri na mbaazi za nazi. Hapo sharti la saa ni kali zaidi, kwa sababu tui la nazi huchacha haraka kwenye joto. Mbaazi za saa 2 asubuhi ni tamu. Zile zile zikikaa bila moto hadi adhuhuri huanza kutoa vipovu pembeni na harufu ya uchachu, na hapo hata pilipili haiwezi kuzificha. Ukiwa Mji wa Kale au mtaa wowote wa Waswahili, iwe Mombasa, Lamu au Unguja, kuna dalili moja ninayoiamini kuliko foleni: mtoto aliyetumwa na bakuli la nyumbani. Foleni inaweza kumaanisha kwamba hakuna pengine pa kula karibu. Bakuli la nyumbani linamaanisha kuna mama mtaani hapo, anayejua kupika mwenyewe, ambaye ameona heri anunue.

Mchana ndipo wageni wengi hukosea, maana mchana ndio mlo mkuu wa mama lishe. Wali hushuka jikoni kwenye saa 5 na nusu, ugali husongwa kwa mafungu. Kilele ni saa 6 na nusu hadi saa 8. Usiulize "mna menyu?" Uliza "kuna nini leo?" kisha "wali nyama shilingi ngapi?" kabla hujaketi. Sahani ya bara kwa kawaida huja na maharage, mboga za majani na kipande cha tunda ndani ya bei ile ile. Nyama ya nyongeza hulipiwa. Ukiwa Kenya kumbuka kwamba "hoteli" ni mahali pa kula na pengine hapana kitanda hata kimoja, na "kibanda" si tusi. Chai Kenya ni ya maziwa hadi useme sturungi, yaani ya rangi. Tanzania taja mwenyewe, ya rangi au ya maziwa.

Ukutani patakuwa na vyakula 20 vilivyopakwa rangi. Hivyo vilipakwa siku ya kufungua biashara. Cha kusoma ni ubao wa chaki, na kama hakuna ubao, soma sahani za watu. Wanane kati ya kumi wakiwa na samaki, kula samaki. Mgeni anayeagiza kuku mahali ambapo kila mtu anakula samaki atapewa kuku aliyelala kwenye friji tangu juzi, halafu ataandika kwenye simu kwamba mahali pale pabaya.

Wali unahitaji tahadhari ya peke yake. Bakteria aitwaye Bacillus cereus ana mbegu zinazostahimili kuchemshwa. Wali ukikaa vuguvugu, mbegu zinaamka, zinazaliana na kuacha sumu ya kutapisha ambayo haivunjiki hata ukiupasha upya. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa 2, na kinachosubiri kuliwa kiwe na moto zaidi ya nyuzi 60. Huna kipimajoto mfukoni, lakini una macho: wali mzuri wa saa 7 unatoa mvuke hotpoti inapofunguliwa. Usipotoa mvuke, chukua ugali, hasa ukiona unasongwa mbele yako. Hii ndiyo sababu msafiri aliyechelewa nasema ale ugali.

Upande wa usafi, usipoteze muda kutazama meza. Meza hufutwa kwa sababu wateja wanaiona. Tazama mambo matatu: maji ya kunawa yanatiririka (ndoo yenye bomba au mtu anayemimina kwa jagi) au mnatumbukiza mikono wote kwenye beseni moja, sahani zinasuuzwa kwenye maji ya pili yaliyo safi au zinatoka kwenye povu moja kwa moja, na anayepakua ndiye huyo huyo anayeshika hela? Pakiwa na mtu wa kupakua na mwingine wa kupokea pesa, mwenye banda anajua anachofanya. Kachumbari iache siku mbili za kwanza za safari, na ukisikia habari za kipindupindu iache kabisa pamoja na juisi na barafu. Kitunguu na nyanya havipiti motoni, na maji yaliyoviosha hujui yalikotoka.

Sasa samaki, ambaye kalenda yake imeandikwa mbinguni.

Dagaa, iwe wa Ziwa Victoria, Ziwa Tanganyika au baharini, huvuliwa usiku kwa taa. Taa huwavuta kwa kuwa kote kuna giza. Mbalamwezi ikikomaa taa haifui dafu, na wavuvi wengi hupumzika siku kadhaa. Kwa hiyo ukifika Kigoma mwezi ukiwa umejaa, ukaagiza dagaa wabichi au mgebuka (Bujumbura wanamwita mukeke), utapata waliokaushwa au utapata kidogo kwa bei kubwa. Huo si ulaghai. Ziwa Tanganyika lina jambo jingine: mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi kwa miezi 3, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Anayepanga safari ya kwenda kula mgebuka katikati ya mwaka aulize kwanza kama ziwa limefunguliwa.

Pweza yeye anapenda kinyume. Mwezi ukiandama au ukijaa, bahari hupwa sana, ndiyo maji ya bamvua, na miamba inayokuwa wazi ndipo watu, wanawake wengi, wanapokwenda kumtafuta kwa mguu. Siku za bamvua na mbili tatu baadaye, pweza ni mwingi na ni wa leo. Maji yakiwa mafu, robo ya mwezi, anayeuzwa kuna uwezekano mkubwa ametoka kwenye barafu. Upepo nao una neno lake: kusi ikivuma kwa nguvu, hasa Juni hadi Agosti, mashua ndogo hazitoki nje ya mwamba, samaki wakubwa wanapungua na bei inapanda. Mgeni anayejua haya matatu, mwezi, maji na upepo, anaweza kuingia Kilwa au Bagamoyo na kuagiza kama mwenyeji.

Mwanza kwenyewe uliza sato, usiseme "samaki" tu, kwa sababu utakayepewa kwa neno hilo huenda ni pande la sangara. Sangara si mbaya, ni suala la kujua unalipia nini. Omba uchague mbichi. Macho yawe yamejaa na kung'aa, yasiwe yamezama. Mashavu ukiyafunua yawe mekundu, si kahawia. Ukibonyeza nyama kwa kidole irudi. Tatizo la kawaida la samaki wa kukaanga ni yule aliyekaangwa asubuhi akarudishwa kwenye mafuta usiku. Ngozi yake ni nyeusi na ngumu, mkia unavunjika kama biskuti, na ndani nyama imekauka nyuzi nyuzi. Ukisema "nataka wa kukaanga sasa hivi, nitasubiri", umemaliza tatizo kwa dakika 20.

Dar es Salaam kuna njia ya mkato: soko la samaki la Feri. Unanunua mbichi mnadani au kwa mchuuzi, unamlipa mtu wa kupara magamba na kutoa matumbo, kisha unampelekea mkaangaji mle mle sokoni. Malipo matatu tofauti, kila moja mpatane kabla kazi haijaanza. Wanaoumia ni wanaokubali bei ya samaki peke yake wakidhani kila kitu kimo. Nenda asubuhi. Jioni samaki wapo, ila wameshinda juani.

Nyama choma ni biashara ya mizani. Unakwenda kwenye bucha iliyo mbele ya jiko, unachagua sehemu (mbavu kwa anayependa mafuta, mguu kwa anayependa mnofu), inapimwa ukiona, halafu ndipo unakaa. Kwa mbuzi hesabu kilo moja kwa watu wawili wenye njaa, kwa sababu mifupa imo. Nyama nzito huchukua dakika 45 hadi saa nzima. Ikiletwa baada ya dakika 15 ikiwa laini kabisa, ilishachemshwa mapema na mkaa umeipaka rangi tu. Utaitambua ukiikata, kwani ndani ni ya kijivu sawasawa na haina maji. Ugali usiuagize pamoja na nyama, utapoa ukikusubiri. Uagize unapoona nyama inageuzwa mara ya mwisho. Kenya, mahali pengi, utaletewa kikombe cha supu ya mifupa bila malipo wakati unangoja, ukinyimwa, omba.

Kama kuna mnada wa mifugo karibu, achana na mabaa. Mnadani mbuzi huchinjwa pale pale, na nyama haiwahi kuona friji. Msalato nje kidogo ya Dodoma, siku ya Jumamosi, watu hutoka mjini kwa ajili hiyo tu. Uliza mji uliopo siku yake ya mnada au gulio ni ipi, na uwahi kabla ya saa 8.

Kuhusu kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, sharti ni moja: kiive hadi ndani kabisa, kisiwe na wekundu hata kidogo, kwa sababu ya tegu wa nguruwe, ambaye mayai yake yakimwingia mtu huangua viluwiluwi vinavyoweza kufika hadi kwenye ubongo. Kwa Mwislamu aliye safarini, jiko la kitimoto aghalabu liko kando, lakini kisu, ubao na kachumbari vinaweza kuwa vya wote. Uliza waziwazi, hakuna atakayeona ajabu.

Jioni ya Unguja kila mtu atakutuma Forodhani, bustani iliyofanyiwa ukarabati mkubwa na kufunguliwa upya mwaka 2009. Nenda, lakini ujue cha kula. Mishikaki ya pweza, kamba na ngisi iliyopangwa kwa madaha mezani huwa imeshapikwa. Anachofanya muuzaji ni kuipasha. Siku yenye watu wengi inageuka haraka, siku ya mvua inaweza kuwa inapashwa kwa mara ya tatu. Vinavyotengenezwa mbele yako ni salama zaidi na, kwa maoni yangu, vitamu zaidi: piza ya Zanzibar inayokunjwa na kukaangwa kwenye chuma, juisi ya miwa inayokamuliwa ukiona (waambie bila barafu), na urojo, ule mchuzi mzito wa Zanzibar wenye viazi na bajia. Urojo wenyewe, usiku huo huo, unapatikana mitaa ya ndani kwa bei ya chini. Uliza bei ya kijiti kimoja kimoja kabla hakijawekwa sahani, maana hesabu ya mwisho ikija jumla huwezi tena kujua kilichokula hela.

Chipsi ziko kila mji na hazihitaji maneno mengi. Mafuta yakiwa meusi na yanatoa povu linalopanda, pita. Chipsi mayai simama uangalie mayai yanavyovunjwa.

Mwezi wa Ramadhani hubadilisha kila nilichoandika. Zanzibar na sehemu kubwa ya Pwani, mabanda ya mchana hufungwa, na kula hadharani kabla ya magharibi ni kukosa adabu, uwe wa dini yoyote. Badala yake kuna futari: mihogo na magimbi ya nazi, tambi, kaimati, uji wa pilipili manga. Wauzaji hujipanga alasiri, na vitu vizuri huisha dakika 30 kabla ya adhana. Mwezi huo husogea nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, kwa hiyo angalia kalenda kabla ya kukata tiketi. Nje ya Ramadhani, Ijumaa ndiyo siku ya pilau na biriani. Mabanda mengi husimama wakati wa swala ya mchana, kisha watu humiminika kwa pamoja. Fika kabla ya adhana au usubiri wimbi lipite, ukijua minofu itakuwa imepungua.

Kuuliza watu kuna ufundi wake. Mtu wa mapokezi hotelini atakupeleka anapodhani mgeni anastahili, yaani penye vitambaa vya meza. Bodaboda akiulizwa "wapi pazuri" anaweza kukupeleka anakopata chochote. Badilisha swali: "Wewe mwenyewe mchana huwa unakula wapi?" Kisha zingatia unamuuliza nani, kwa sababu kila mtu ana kipimo chake. Bodaboda na makuli wanatafuta wingi. Sahani yao itakushibisha hadi kesho. Wauguzi na makarani wa halmashauri wanatafuta usafi na huduma ya haraka. Wazee wa barazani wanajua nani alikuwa anapika vizuri na bado yuko. Waulize watu wawili wasiokaa pamoja. Jina likijirudia, nenda.

Ramani ya simu nayo inasaidia ukiitumia kwa hila. Usiandike neno la mgahawa, andika chakula: biriani, supu, mbaazi, sato. Panga maoni kwa tarehe, mapya kwanza, kisha soma yaliyoandikwa kwa Kiswahili hata kama ni matatu. Nyota za watalii mara nyingi zinapimwa kwa mandhari, intaneti na tabasamu la mhudumu. Saa za kufungua zilizoandikwa pale usiziamini. Picha za wateja ndizo za thamani: sahani inaonekana ukubwa wake, na watu walio nyuma wanaonekana ni akina nani.

Barabarani uhuru ni mdogo. Basi la masafa husimama dakika 15 hadi 20 pale dereva na utingo wanapokula bure, Korogwe kwa wanaotoka Dar es Salaam kwenda Arusha, Mtito Andei kwa wanaotoka Mombasa kwenda Nairobi. Si lazima pawe pabaya, ila hukupachagua wewe na wenye duka wanalijua hilo. Choo baadaye, wahi foleni ya chakula kwanza, na chukua kinacholiwa kwa mkono mmoja. Mayai ya kuchemsha yana ganda lake, ndizi zina ganda lake, mahindi ya kuchoma yametoka motoni, korosho hazichachi. Chupa ya maji pindua mfuniko usikie ukikatika. Mishikaki inayopitishwa dirishani kwa kijiti mimi huipita, kwani hujui ilichomwa saa ngapi na basi likiondoka hakuna wa kumrudishia.

La mwisho ni chenji. Mama lishe anayeuza supu saa 1 asubuhi ukimpa noti ya 10,000 umempa kazi ya kuzunguka majirani huku supu yako inapoa. Weka noti za 1,000 na 2,000 mfuko wa karibu, au uliza lipa namba, ile ya kulipia kwa simu, kabla hujaagiza. Kenya uliza till. Mtandao wa simu hukatika, na kwa kawaida hukatika ukiwa umeshakula.